Shujaa wa kompyuta apumzike, tuwafundishe vijana kuunda bao

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie kompyuta. Usikimbie. Hata kama wewe ni wa historia na Kiswahili kama mimi, hoja hii inakuhusu.

Siku hizi ukiuliza namna ya kumfundisha kijana kuandika programu, jibu ni moja: mpe mchezo. Ipo Scratch, iliyotolewa na MIT ya Marekani mwaka 2007. Zipo Code.org na CodeCombat, zote za mwaka 2013. Ndani ya CodeCombat kijana anaandika JavaScript ya kweli kabisa. Anamwamuru shujaa aende kulia, ashuke, ampige adui. Akipatia, anavuka hatua. Akikosea, shujaa anakufa na anaanza upya.

Sina ugomvi na michezo. Mtu akijifunza huku anacheka, kuna ubaya gani? Ugomvi wangu ni huu: kijana anavuka hatua ishirini, anashangiliwa, halafu ukimuuliza huyo shujaa ni nini, anakutazama tu. Anajua kumwendesha, hajui ameumbwaje. Ni kama dereva ambaye hajawahi kufungua boneti. Gari likizima njiani anakaa chini ya mkorosho kusubiri fundi.

Na shujaa huyo ndiye somo lenyewe! Kwa lugha ya waandika programu, shujaa ni kitu. Kitu kina sifa zake (afya, nguvu, mahali kilipo) na kina vitendo vyake (tembea, piga). Ile nukta kati ya jina la shujaa na agizo maana yake ni "wewe fulani, fanya jambo lako hili". Kufikiri namna hiyo kulianza Norway miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya Simula. Leo programu nyingi kubwa zimejengwa hivyo. Lakini mchezo unamkabidhi kijana kitu kilichokwisha kuundwa. Yeye anabaki mtoa amri. Game Lab ya Code.org inajitahidi zaidi, maana kule kijana anaunda wahusika na kuwapangia mwendo, ila hata wao sifa na vitendo vyao vimeshaandaliwa na mwingine.

Sasa njooni huku kwetu Mtwara. Chukua kijana wa Ziwani, amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Mchezo gani anaujua ambao tayari una vitu, sifa, vitendo na hata urithi?

Bao, jamani! Bao letu la kete!

Hebu tazama. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Shimo ni kitu. Sifa yake kubwa ni idadi ya kete zilizomo. Vitendo vyake ni kupokea kete na kutoa zote. Huhitaji kuandika maelezo mara 32. Unaandika mara moja shimo ni nini, kisha unaiambia kompyuta izae mashimo 32, kila moja na hesabu yake. Hapo kijana ameelewa tofauti ya aina na kitu chenyewe, jambo linalowatoa jasho wanafunzi wa chuo.

Mchezaji naye ni kitu. Ana jina, ana mashimo 16, na mchezo unapoanza ana kete 22 mkononi za kunamua.

Utamu uko kwenye nyumba. Nyumba ni shimo, inapokea kete kama mashimo mengine. Lakini ina sheria zake: inaanza na kete sita, na zipo hali ambazo kete ya mwisho ikidondokea humo mchezaji anachagua kulala au kusafiri. Ikishasafiri, heshima ya nyumba imekwisha, inabaki shimo la kawaida. Huo ndio urithi! Nyumba inarithi kila kitu cha shimo, halafu inaongeza yake. Mzee anayecheza bao barazani analijua somo hili miaka yote, ni vile tu hakuna aliyemwambia linaitwaje.

Na JavaScript ina tabia inayotufaa sana. Brendan Eich aliiunda mwaka 1995 akiwa Netscape, kwa siku kumi tu. Ndani yake kitu kinarithi kutoka kwa kitu kingine moja kwa moja. Ukikiuliza jambo kisilolijua, kinamuuliza mzazi wake, naye anamuuliza mzazi wake, mpaka jibu lipatikane au ukoo uishe. Neno class liliingizwa rasmi mwaka 2015, lakini chini yake utaratibu ni uleule wa kuulizana wazee. Nani atashindwa kuuelewa huku kwetu?

Watu wataniambia vijana wanataka picha zinazoruka, bao ni la wazee. Sawa, waanze na shujaa wao wiki moja mbili, waonje. Kisha wavuke. Mtu hafundishwi kuogelea kwa kukaa ndani ya ngalawa maisha yake yote.

Kuna suala la gharama pia. Michezo mingi ya namna hii inataka intaneti muda wote, na CodeCombat ni bure hatua za mwanzo, nyingine ni za kulipia. Bao la JavaScript linahitaji kompyuta moja ya mtumba, Notepad na kivinjari. Bando halihitajiki. Na majina ya vitu unayachagua mwenyewe: shimo, kete, nyumba, lala, safiri. Maneno ya lazima ya Kiingereza ni machache. Mtoto aliyesomeshwa msingi kwa Kiswahili hatakwama kwa sababu ya lugha.

Kwa nini nalivalia njuga? Kwa sababu wimbo huu tunaujua. Korosho yetu nyingi inasafiri ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko, na faida ya kubangua inabaki huko. Tukiwafundisha vijana kuendesha tu mashujaa walioundwa ng'ambo, tunarudia yaleyale kwenye kompyuta. Kijana anayeweza kuunda shimo na nyumba anaweza kesho kuunda mkulima mwenye kilo, bei na makato, akamwonyesha baba yake hesabu ya mzigo wake alioupeleka ghalani. Aliyeishia kumpiga adui kwenye skrini hawezi.

Basi pendekezo langu ni dogo. Wanachuo wa STEMMUCO hapo mjini, hasa mnaosomea ualimu, likizo ijayo chukueni kompyuta mbili mwende Ziwani. Mtafuteni mzee mmoja fundi wa bao akae na vijana. Yeye ataje sheria, wao waandike. Pale ambapo programu itakataa na mzee atasema "hapana, hiyo si sheria", ndipo darasa litakuwa limeanza.

Nawasilisha.