Kioo King'aacho na Kisichong'aa: Kipi Kinamfaa Msanifu?

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana, wa kike au wa kiume, akijipatia riziki nyumbani kwa kusanifu kadi za harusi, mabango ya maduka na nembo za bidhaa. Kazi hii haidai fremu ya duka; hudai kompyuta mpakato na jicho zuri. Ndiyo maana wazazi wengi hujinyima ili wamnunulie mtoto chombo hicho. Wafikapo dukani huuliza kasi yake na ukubwa wa hifadhi yake, nao hufanya vyema. Wachache mno huuliza habari za kioo, ilhali kioo ndicho kitakachomwambia msanifu kweli au uongo juu ya rangi aliyoichagua.

Vioo hivi ni vya namna mbili: kuna chenye uso laini unaong'aa, na kuna ambacho uso wake umetiwa mparuzo mdogo mno ili using'ae. Aliyewahi kupaka nyumba rangi ataitambua tofauti hii upesi. Ukuta wa rangi ya mafuta huakisi taa iliyo mbele yake; ukuta wa rangi ya maji huutawanya mwanga ule ule, taa isionekane. Kioo king'aacho nacho huakisi dirisha na uso wa mtazamaji kama kioo cha kujitazamia. Kisichong'aa huutawanya mwanga huo, ukabaki ukungu hafifu tu.

Kila kimoja kina sifa na kasoro yake. Katika chumba chenye mwanga mdogo, king'aacho huonyesha weusi mzito, rangi zilizokolea na mistari iliyo wazi. Kisichong'aa hutawanya pia mwanga utokao ndani yake, kwa hiyo hupunguza kidogo ukali wa picha, na katika baadhi ya vioo jicho huona kama punje ndogondogo juu ya ukurasa mweupe. Si ajabu basi kwamba dukani king'aacho hupendwa zaidi. Wahenga walisema, kizuri chajiuza.

Lakini kompyuta hainunuliwi ili itazamwe dukani. Kazi nyingi za nyumbani hufanyika mchana, sebuleni au barazani, madirisha yakiwa wazi. Msanifu aliyevaa kanzu nyeupe, akakaa mbele ya kioo king'aacho na dirisha likiwa nyuma yake, ataiona kanzu yake juu ya kila sehemu ya kazi yenye rangi nzito. Atafanya nini? Ataongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, na hapo ndipo hasara inapoanza. Zambarau iliyokolea itamwonekea changamfu, kwa kuwa kioo hutoa mwanga wake chenyewe. Karatasi haina mwanga wake. Hurudisha tu ule wa chumbani. Kadi 500 zitakapotoka kwa mchapaji, zambarau imekaribia weusi, na majina ya maharusi yaliyoandikwa kwa mistari myembamba hayasomeki. Mteja hatataka kusikia habari za kioo. Atataka fedha zake.

Kwa hiyo, anayesanifu kazi za kuchapishwa, naye hana chumba ambacho anaweza kuutawala mwanga wake, kisichong'aa kitamfaa zaidi. Anayehariri picha na video za kutazamwa kwenye simu, naye ana chumba chenye pazia zito, achague king'aacho bila hofu, kwani simu za watazamaji wake nazo kwa kawaida hung'aa. Wala isidhaniwe kuwa kisichong'aa ni kioo cha maskini. Mwaka 2009 Apple ilitoza dola 50 za ziada kwa aliyetaka kioo kisichong'aa katika MacBook Pro ya inchi 17, na mwaka 2024 ikatoza dola 150 kwa kioo cha namna hiyo katika MacBook Pro mpya.

Hata hivyo, kutong'aa peke yake si dhamana. Kompyuta nyingi za bei nafuu zina vioo visivyong'aa ambavyo pia haviwezi kuonyesha rangi za kutosha. Kipimo cha kuuliza ni sRGB, kilichowekwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Kioo kinachokaribia asilimia 100 ya kipimo hicho kinafaa kwa usanifu. Maelezo yakisema asilimia 45 ya NTSC, fahamu kuwa kioo hicho huonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, na nyekundu yake huelekea kupauka. Aidha, tafuta kioo cha aina ya IPS. Kile cha TN hubadilisha rangi pindi mtu akitazamapo kwa pembeni.

Kabla ya kulipa, omba kompyuta izimwe, kaa mbele yake ukiupa mlango mgongo, uone ni kiasi gani cha mtaa kinachoonekana kiooni. Kisha iwashwe, ufungue ukurasa mweupe, ukurasa mweusi na picha ya uso wa mtu, uzitazame kwa mbele na kwa ubavuni. Anayekwenda kuitumia na awepo, kwa kuwa jicho litakalofanya kazi ni lake.

Na baada ya kununua, iwe ni kwa kioo kipi, asikubali kazi ichapishwe yote kabla ya nakala moja ya majaribio kutoka, naye akaishika mkononi na kuitazama kwa mwanga wa mchana. Gharama ya karatasi moja ni ndogo kuliko ya kadi 500.