Acheni Kulia "Tumedukuliwa", Mliacha Mlango Wazi

Kila saiti ya serikali ikiangushwa, taarifa hutoka na maneno yale yale: wadukuzi hatari, wataalamu wetu wako kazini, wananchi wasiwe na wasiwasi. Tarehe 17 Novemba 2025 tuliiona tena, saiti za wizara kadhaa zikapakwa ujumbe wa wabaguzi wa rangi. Wengi wenu hamkumbuki Januari 2012, mdukuzi kutoka Indonesia alipochafua saiti 103 za serikali ya Kenya usiku mmoja. Mia moja na tatu! Hebu niambie, mwizi anaingia nyumba 103 usiku mmoja akivunja kufuli mojamoja? Manze, hapo milango ilikuwa ikisukumwa tu.

Mimi natengenezea watu saiti hapa Garissa, wenye maduka ya Ngamia Road na wengineo, kwa hivyo hii sisemi kama mtu wa kupita. Tuongee viraka.

Chukua Apache. Ni programu ya seva, ya bure, iko tangu 1995, na saiti nyingi sana duniani zinakaa juu yake. Kazi yake ni kama ya mwenye duka: unaomba ukurasa, anakutolea kutoka rafu ya mbele. Septemba 2021 likatoka toleo la 2.4.49, likiwa na kasoro. Kwenye anwani, ukiweka nukta mbili na mkwaju, kompyuta inaelewa "rudi chumba cha nyuma". Apache inaujua huo ujanja na huukataa. Lakini kwa toleo hilo, nukta moja ukiificha kwa kuiandika %2e, mwenye duka hashtuki. Kama mipangilio haikufunga stoo, unapita, unasoma faili zisizokuhusu. Na kwa mipangilio fulani unaiamrisha seva yenyewe.

Tarehe 4 Oktoba kiraka kikatoka, 2.4.50. Hakikutosha, watu wakaificha nukta mara mbili na wakapita tena. Tarehe 7 Oktoba ikatoka 2.4.51, shimo likazibwa. Siku tatu, bure, bila tenda.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wakubwa wanapochanganyikiwa. Kiraka kikitangazwa, shimo nalo limetangazwa. Mwizi anasoma tangazo lile lile unalosoma wewe. Kuanzia hapo ni mbio, na ambaye hajasasisha anakimbia akiwa amekaa. Kule Marekani, kampuni ya Equifax iliachiwa kiraka Machi 2017, cha programu nyingine inayoitwa Apache Struts. Hawakukiweka kote. Katikati ya Mei watu wakaingia, na data za watu kama milioni 147 zikaenda. Hiyo ni kampuni yenye pesa za kununua kila kitu, ikaangushwa na apdeti.

Nirudi nyumbani. Mwaka 2022 nilikuwa naangalia saiti ya ofisi fulani hapa mjini. Sitaitaja, na msinijazie DM. Seva ikikujibu huwa inajitaja, nyingine hutaja hadi nambari ya toleo. Hiyo ilijitaja bila aibu: Apache/2.4.49. Sikugusa kitu. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inasema kuingia bila ruhusa ni faini hadi milioni 5 ama miaka 3 ndani, na mama yangu hana hizo pesa. Nikaenda kwa miguu.

"Adeer," nikamwambia mzee wa pale, "seva yenu ina shimo. Kiraka ni cha bure, ni kazi ya dakika chache."

Akaniangalia. "Kijana, wewe umejuaje? Ama ndiwe unatuingilia?"

Nikaeleza. Akasema aliyewatengenezea yuko Nairobi, alimaliza kazi akalipwa, na sasa hivi hakuna bajeti ya mambo ya kompyuta. Kisha akaniagizia shaah. Walahi ni mzee mzuri, simlaumu yeye. Aliyeandika ule mkataba ndiye wa kulaumiwa, maana hakuandika nani ataweka viraka baada ya uzinduzi.

Mtu wa huku anaijua hadithi hii, ni ya kisima. Kisima kinachimbwa, mkubwa anakuja na msafara, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Baadaye jenereta inakufa, fundi hakuna, dizeli hakuna, na ngamia wanapita kando ya tangi tupu wakienda kutafuta maji mbali. Pesa za kuzindua huwa zipo. Za spana hukosekana. Saiti zetu ni visima vya aina hiyo, tofauti ni kwamba kisima kikiharibika kila mtu anaona.

Kuna msee ataniambia: lakini 2.4.49 si iliwaumiza waliosasisha? Waliobaki na 2.4.48 hawakuwa na shimo hilo. Kweli kabisa. Ila 2.4.48 ilikuwa na mashimo yake, moja likamfanya mdukuzi aitume seva yako impigie hodi seva nyingine kwa niaba yake, na dawa yake ilikuja na hiyo hiyo 2.4.49. Huwezi kujificha ndani ya toleo la zamani. Na eCitizen ya Julai 2023 msiniletee hapa, ile ilikuwa kufurikwa na maombi mpaka seva ikakosa pumzi, huo ni ugonjwa mwingine na kiraka hakiutibu.

Mbona nawaka hivi? Kwa sababu ya kipande. Miaka yote kijana wa Garissa, Wajir ama Mandera akitaka kitambulisho alikuwa anapigwa msasa na wazee na maafisa, mpaka Februari 2025 Rais alipotia sahihi kule Wajir kuuondoa. Na kuna Wakenya maelfu ambao familia zao zilijiandikisha Dadaab wakati wa njaa ili wapate chakula, alama za vidole zikabaki kwenye rekodi za wakimbizi. Wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema wewe si wa hapa. Mtu na mashine wakibishana, kwetu mashine ndiyo huaminiwa.

Sasa kila kitu kinahamia kwenye seva. Siku rekodi zikifutwa ama kuchezewa, kijana wa Nyeri ataambiwa arudi wiki ijayo. Mimi nitaulizwa babu yangu alizaliwa wapi.

Kwa hivyo kikao cha umma cha bajeti ya kaunti kikiitwa, msiende kwa soda tu. Kila saiti iliyonunuliwa, ulizeni jina la mtu anayeweka viraka, analipwa kutoka fungu gani, na mara ya mwisho aliweka lini. Akijibu "tuna wataalamu", ulizeni tena tarehe.

Jana usiku nimeichungulia ile saiti ya mzee. Wamebadilisha rangi, wameweka picha mpya ya mkubwa. Chini kabisa, kwenye jibu la seva, bado ni 2.4.49. Jumatatu narudi kwa adeer, na safari hii shaah nanunua mimi.