Mti wa Laka Mezani: Tuupime Sehemu kwa Sehemu

Korea Kusini kuna supu ya kuku ambayo baadhi ya walaji humeza kidonge cha kuzuia mzio kabla ya kuigusa. Inaitwa otdak, na kuku wake huchemshwa pamoja na magome au vipande vya mti wa laka, mti ambao utomvu wake umetumika tangu zama za kale Uchina, Korea na Japani kupaka mabakuli na masanduku yang'ae na kudumu. Sasa wapo wanaotaka mti huo uingie kwenye vinywaji, unga na viungo vya chakula. Je, uruhusiwe?

Swali hilo halijibiki kwa mti mzima. Mgogoro wote umo kwenye urushioli, mafuta yaliyomo ndani ya utomvu. Ikimgusa mtu mwenye mzio nayo, baada ya siku moja au mbili ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge. Sisi wa Pwani jambo hili si geni, kwani mti wa laka ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanajua mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua vidole, na kemikali zake zinakaribiana na urushioli. Hata hivyo korosho tunaila, kwa sababu ganda hutengwa na punje husafishwa. Usalama umo katika kazi ya mikono iliyofanyika kati ya shamba na sahani.

Kwenye supu, kazi hiyo haijakamilika. Urushioli haipatani na maji bali huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta ya kuku ndiyo yanayoibeba hadi kwenye bakuli. Kuchemsha peke yake hakuiondoi kwa uhakika. Madaktari wa Korea wameandika habari za wagonjwa waliotokwa na upele mwili mzima baada ya kula, wengine wakipata homa. Chakula kinachohitaji kidonge kwanza, kwangu mimi, bado hakijaiva.

Mbao ya ndani ina hoja nzuri zaidi. Ina fustini na fisetini, viambata ambavyo watafiti wanavitamani kwa uwezo wao wa kulinda seli maabara, ingawa matokeo ya maabara hayatoshi kumwahidi mlaji afya. Njia ya kuisafisha nayo ipo. Mwaka 1883 Mjapani Hikorokuro Yoshida alieleza kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu wa mti huuhuu, ambacho leo tunakiita lakase. Ndicho kinachoigeuza urushioli kuwa tabaka gumu. Baadhi ya uyoga nao una lakase, na ndiyo maana Wakorea huchachusha magome kwa uyoga ili kuiondoa sumu. Dondoo lililosafishwa hivyo, likapimwa kila mzigo, sioni sababu ya kulikataa.

Machipukizi ni habari nyingine. Wakati wa machipuo, huko Okcheon, huliwa mabichi au yakiwa yamepitishwa kwenye maji ya moto, yakichovywa kwenye rojo la pilipili. Watetezi wanasema wazee wamekula hivyo vizazi na vizazi. Ni kweli, lakini mzio huu hujengeka polepole: aliyekula salama mwaka jana anaweza kuugua mwaka huu. Mwenyeji anayejua anachokula aachiwe mila yake. Kuyafunga kwenye pakiti na kumuuzia mgeni wa mji wa mbali ningepiga marufuku.

Zinabaki mbegu, ambazo Japani kuna wanaozikaanga na kuzipika kama kahawa. Hizi ndizo ningeanza nazo. Lakini korosho na pistachio, ndugu zake, zina protini zinazoweza kumletea mtu mzio mkali hata pale ambapo hakuna mafuta ya ganda. Kwa hiyo mbegu za laka zipimwe mara mbili, urushioli na protini, na pakiti itaje wazi kwamba mwenye mzio wa korosho asizitumie hadi vipimo vithibitishe kwamba hazimdhuru.