Kipya Kinyemi

Umezuka katika vyumba vya walimu wa vyuo vyetu mtindo wa kumsimanga mtu kwa sababu ya motokaa yake. Mwenye Corolla ya mwaka 1998, akionekana gereji akibadilishiwa klachi, huambiwa kwamba wakati umemwacha. Kwamba mtu wa elimu yake angaliuza chuma hicho kwa kilo, akanunua gari la umeme, akafuata ulimwengu uendako. Maneno haya husemwa kwa sauti ya huruma, na kwa hiyo yastahili kujibiwa kwa ukali. Yamefunga pamoja mambo mawili yasiyo na udugu: ubora wa umeme, ambao siukani, na wajibu wa mtu fulani, mwenye gari fulani, kulitupa na kununua jingine.

Upande wa pili una haki zake, na si vema kumdhulumu mtu katika mjadala. Injini ya petroli ni mlafi. Katika nguvu zilizomo ndani ya mafuta, theluthi moja au pungufu ndiyo ifikayo magurudumuni. Iliyobaki hupotea kwa joto. Mota ya umeme haina israfu hiyo. Tena petroli hutujia kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni, ilhali umeme mwingi twauzalisha wenyewe: Olkaria kwa mvuke utokao ardhini, na Rufiji kwa Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024 na ambalo mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Mwaka huo huo wa 2024 Ethiopia ilikataza kuingizwa kwa magari ya petroli ya watu binafsi. Nchi yenye maji mengi na fedha za kigeni haba haikufanya upumbavu kuamua hivyo.

Walakini hesabu ya nchi si hesabu ya mtu. Mwalimu akaaye Ubungo na kufundisha Mlimani haendi, tuseme, zaidi ya kilomita 5,000 kwa mwaka. Gari lake likinywa lita 10 kwa kila kilomita 100, atakuwa ametumia lita 500. Sasa na tumpe umeme wa bure kabisa, jambo ambalo hakuna shirika litakalolikubali: akiba yake ya mafuta haiwezi kupita bei ya lita 500. Aizidishe kwa bei ya leo ya kituoni, aongeze na gharama ya kumwaga oili, kisha alinganishe jumla hiyo na riba peke yake ya mkopo wa kununulia gari jipya. Sijaona mmoja wa wasimangaji wetu aliyeifanya hesabu hii kabla ya kufungua kinywa. Dereva wa teksi aendaye kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutumia lita 4,500 kwa gari lile lile. Kwake yeye shauri lageuka juu chini. Basi umri wa gari ndio ushahidi ulio dhaifu kuliko wote katika kesi hii. Tuulize kwanza mwendo wake.

Watajibu kwamba yako magari ya umeme ya bei nafuu, yaliyokwisha kutumika. Nayajua. Mashuhuri kati yake ni Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Ilipokuwa mpya ilipimwa Marekani ikapewa mwendo wa kilomita zipatazo 117 kwa chaji moja. Betri yake haikuwekewa maji ya kuipoza kama rejeta ipozavyo injini. Na adui wa betri ni joto. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Phoenix, katika jangwa la Arizona, walilalamika kwamba vile vipande 12 vinavyoonyesha afya ya betri vilikuwa vikizimika kimoja kimoja mapema mno. Gari la namna hiyo, likiisha kutumika miaka kumi ughaibuni, lashushwa bandarini kwetu na kuachwa juani. Anunuaye hununua betri iliyokwisha kuzeeka na kupewa motokaa kama kifungashio. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Na hiki si kipya hata hicho, kwa maana magari ya umeme yalikuwako Marekani kabla ya mwaka 1900.

Lakini jambo linigusalo zaidi ni fundi. Maneno kama klachi, giaboksi, rejeta, plagi na gasketi hayakutoka katika kamati yoyote ya lugha. Yalitoka chini ya magari, kwa watu waliolala chali juu ya maboksi, wakasikia neno la kigeni, wakalitia irabu, wakalirithisha mwanafunzi pamoja na spana. Elimu hiyo ni ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ndiyo itufanyayo kuwa wenye magari badala ya wapangaji wake. Gari la umeme lililotoka Japani husema Kijapani katika kioo chake. Hufunguliwa kwa programu, na nyaya zake za rangi ya machungwa zina volti zaidi ya 300, ambapo fundi wetu amezoea 12. Akikosea haharibu gari tu, hufa. Nani amemfundisha? Wale wamwitao wa kale wamewahi kumwandikia kurasa tatu za lugha yake juu ya namna ya kuukata umeme huo kabla ya kugusa betri? Kazi hiyo yatuhusu sisi tulio katika idara za Kiswahili pamoja na walimu wa vyuo vya ufundi, na yapasa kutangulia meli za magari.

Ikiwa serikali zetu zataka kusamehe kodi kwa ajili ya umeme, zianze na wale wazungukao mchana kutwa. Pikipiki za kubadilishiwa betri zafanya kazi Kigali na Nairobi, na mabasi ya umeme yameonekana Nairobi tangu mwaka 2022. Shilingi isamehewayo hapo hupunguza moshi kuliko shilingi isamehewayo kwa daktari wa falsafa ambaye gari lake hushinda limeegeshwa chini ya mwembe.

Wala nisieleweke kuwa natetea kila kuukuu. Motokaa ambayo imebadilishwa ringi za pistoni na bado yatoa moshi wa buluu kwenye vituo vya daladala, mbele ya watoto wa shule, haina wakili kwangu. Hiyo ikatwe chuma. Ile ya mwenzetu ina ugonjwa wa klachi tu, na vipuri vyake viko Kariakoo.