Tuliosali tukichambua maharage tusisahau

Wiki mbili zilizopita nilipanda kilima kimoja cha kusini, upande wa njia inayokwenda mpaka wa Mugina, kumwona jamaa yangu aliyerudi kutoka kambi ya Nduta. Nilimkuta uani pamoja na watu wasiozidi thelathini, wengi wao waliorudi kama yeye. Walikuwa wamekaa kimya, ngoma ya kwaya imefunikwa kwa kitenge. Jumapili iliyotangulia walikuwa wameamriwa waache kusali hapo. Hawakupewa barua. Waliambiwa tu kwamba hiyo ni "dini ya kambini", na kwamba nyimbo zao za Kiswahili zinawachanganya watu.

Ndugu msomaji, amri hiyo haikuniumiza sana kama maneno niliyoyasikia nilipokuwa nashuka. Wakristo wenzao wa makanisa ya zamani walikuwa wakicheka. "Wacha wafungiwe," mmoja aliniambia, "wamezidi." Maneno hayo nilikwisha kuyasikia, na aliyeyasema wakati ule alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa katekista. Mwaka 1985, mimi nikiwa mtoto wa miaka minane, kanisa dogo la Waadventista wa kilima chetu lilitiwa kufuli kwa sababu walikataa kwenda kazi za pamoja siku ya Jumamosi. Baba alisema wamejitakia. Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Serikali ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, ambayo tangu miaka ya 1970 ilikuwa imewafukuza wamisionari kwa makumi, ilikuwa imekataza ibada siku za kazi. Mwaka 1986 ilitaifisha seminari na kupiga marufuku zile jumuiya ndogo za vilimani zilizoitwa sahwanya. Chama kilikuwa kimoja, na hakikutaka mwananchi awe na mahali pengine pa kukusanyika.

Tulifanyaje? Jioni majirani walikuja kwetu, kila mmoja na ungo wake. Tulikaa gizani tukichambua maharage huku tukisali kwa sauti ya chini. Akipita mtu wa chama, aliona maharage. Nakumbuka usiku ambao yule mzee Mwadventista alibisha hodi, naye ana ungo mkononi. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasogea ili mzee apate nafasi kwenye mkeka.

Tarehe 3 Septemba 1987 Bagaza alipinduliwa akiwa safarini Kanada, na Meja Pierre Buyoya akaondoa vizuizi vile. Makanisa yalipofunguliwa hatukuwa wachache kuliko zamani. Kwenye kilima chetu tulikuwa wengi zaidi. Imani ilikuwa imebebwa na akina mama na makatekista wasio na mshahara, na hao huwezi kuwafukuza nchini kwa ndege kama ulivyofanya kwa padri mgeni.

Historia yetu yote inasema hivyo. Wamisionari wa kwanza waliofika Rumonge mwaka 1879 waliuawa mwaka 1881, na ungedhani mambo yameishia pale. Mwaka 1898 wenzao walianza tena Muyaga. Ule uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka hadi Matana na Buhiga kwa miguu ya watu wa kawaida waliotubu na kwenda kuwaeleza jirani zao. Na wale waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipofika Katumba, Ulyankulu na Mishamo, walikuta pori. Walikata miti, wakajenga nyumba, na mapema kabisa wakajenga makanisa. Wafanyabiashara wa mpakani mnakumbuka jinsi kanda za kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu zilivyouzwa sokoni pembeni ya dagaa na mawese. Hiyo ndiyo "dini ya kambini" tunayoidharau leo.

Sisemi kwamba kila anayeshika Biblia aachwe afanye atakalo. Wapo wahubiri wanaowauzia wajane miujiza, na wapo wanaopiga vipaza sauti usiku kucha. Sheria ya mwaka 2014 iliweka utaratibu wa kuandikisha madhehebu, na ni haki kuufuata. Lakini kuandikisha ni jambo moja, na kuwanyamazisha watu thelathini kwa mdomo tu ni jambo lingine. Wa kwanza anaambiwa afanye nini ili akubaliwe. Wa pili anaambiwa tu kwamba hatakiwi.

Nasi tumekwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Tarehe 12 Machi 2013, polisi waliwafyatulia risasi waumini waliokuwa wakienda kusali Businiya, Kayanza, na watu wakafa. Wafuasi wengi wa kundi lile walikimbilia Kongo, na tarehe 15 Septemba 2017 zaidi ya thelathini kati ya wakimbizi wa Kirundi waliuawa kwa risasi kule Kamanyola. Mtu anaweza kuyakataa mafundisho yao, kama Kanisa Katoliki lilivyoyakataa. Lakini wangapi kati yetu tulisema neno kwa ajili ya uhai wao? Wengi tulisema wamejitakia.

Wapo waliotufundisha vingine. Tarehe 30 Aprili 1997, vijana wa seminari ya Buta waliamriwa na watu wenye silaha wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na arobaini wakauawa. Hawakuuliza kwanza nani ni mwenzao. Ikiwa watoto wale waliweza kukataa kutengana mbele ya bunduki, sisi tunashindwa vipi kukaa pamoja na mtu kwa sababu tu anaimba Kiswahili?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Viongozi wa vilima na tarafa, mkimzuia mtu kusali, mwandikieni barua yenye sababu na kifungu cha sheria, na mmweleze afanye nini. Wachungaji na mapadri wa makanisa makubwa, nendeni mkawatembelee hao kabla ya kuwahukumu, kwa maana ninyi mkisema, mnasikilizwa. Nanyi ndugu mliorudi, jiandikisheni, shirikini kazi za kilima, na msiyatukane madhehebu ya majirani zenu. Mnarudi mkiwa na madai ya mashamba, msiongeze na ugomvi wa madhabahu.

Wafanyabiashara mnaovuka kila siku, ninyi mna kazi yenu pia. Neno "wale wa kambini" linasafiri ndani ya mizigo yenu. Liacheni mpakani.

Baba alifariki miaka mingi iliyopita. Katika watu waliobeba jeneza lake, mmoja alikuwa mtoto wa yule mzee Mwadventista. Siku ile ilikuwa Jumamosi, siku ya Sabato yao. Alikuja.