Uduvi wa kiooni hawataondoa kichocho bwawani

Mzazi mmoja alikuja kliniki kwangu majuzi akiwa na mtoto mwenye kikohozi. Tulipomaliza kumshughulikia mtoto, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Daktari, wale uduvi wekundu tunaofuga nyumbani wamezaana hata hatuna pa kuwaweka. Nimesikia kwamba kamba hula konokono wanaoleta bilhazia. Je, si vyema niwapeleke kwenye silanga ya kijijini kwetu?"

Nilimwomba asithubutu. Lakini kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza hivyo, yafaa nilijibu swali hilo kwa ukamilifu. Ndani yake mna ukweli, na mna hatari pia. (Wasomaji wa Ukambani wasiudhike nikitaja "kamba". Nazungumza juu ya wale wa majini.)

Tuanze na uduvi wenyewe. Hawa wekundu wanaofugwa katika matangi ya vioo sebuleni asili yao ni Mashariki ya Asia. Mkubwa wao hafiki hata sentimita nne. Jike hubeba mayai yake chini ya mkia kwa muda wa wiki tatu hadi nne, kisha watoto hutoka wakiwa tayari na umbo la mama yao na kuanza kujitafutia chakula. Hawahitaji maji ya bahari, na ndiyo sababu huzaana kwa urahisi nyumbani. Chakula chao ni ukoga wa kijani, majani yaliyooza na mabaki ya chakula cha samaki. Konokono mzima mwenye gamba lake hawamwezi. Ukiwamwaga bwawani, watageuzwa chakula na samaki na ndege, au watazaana na kuwa wageni ambao hakuna aliyewaalika. Kwa vyovyote vile, kichocho kitabaki pale pale.

Basi habari hii ya kamba kula konokono ilitoka wapi? Ilitoka Senegal. Mwaka wa 1986 bwawa la Diama lilikamilika karibu na mdomo wa mto Senegal. Kamba wakubwa wa mto huo huishi katika maji baridi, lakini watoto wao hawawezi kukua bila maji ya chumvichumvi yaliyo karibu na bahari. Bwawa likawafungia njia. Konokono waliongezeka, na miaka michache tu baadaye kichocho kikawashika watu wa bonde lile kwa wingi mno. Mwaka wa 2015 wanasayansi walichapisha matokeo ya jaribio la kuwarudisha kamba hao katika kijiji kimoja cha huko. Konokono walipungua, na wanakijiji waliokuwa wametibiwa hawakuambukizwa tena kwa kiasi kilichoonekana katika kijiji kisichokuwa na kamba.

Ni habari njema, lakini tazama tofauti. Wale ni kamba wakubwa, wenyeji wa mto ule, na hawawezi kuzaana katika tangi la maji baridi wala katika silanga isiyofika baharini. Anayeweza kumla konokono hazaliani sebuleni kwako, naye anayezaliana sebuleni kwako hawezi kumla konokono.

Msomaji mwingine atasema: je, na wale kamba wekundu wa Naivasha wenye magando? Ni kweli, hao hula konokono na huzaana katika maji baridi. Walitoka Louisiana, Marekani, na kutiwa katika ziwa Naivasha mwaka wa 1970. Dkt Gerald Mkoji wa KEMRI na wenzake walionyesha mwaka wa 1999 kwamba, katika mazingira fulani hapa Kenya, kamba hao waliweza kupunguza konokono wa kichocho cha mkojo na maambukizi kwa watoto. Lakini mnyama huyo hachagui chakula. Huko Naivasha alichangia kumaliza mayungiyungi na mimea mingine ya majini. Tena huchimba mashimo kwenye kingo. Wewe mwenye silanga iliyojengwa kwa udongo, ambayo kijiji kizima kilichimba kwa majembe na mikokoteni, je, ungependa mgeni wa kuitoboa ukuta? Jambo hilo ni la wataalamu wa uvuvi na afya kupima, si la mtu mmoja na ndoo yake usiku.

Sasa niungame kosa langu. Hatari kubwa zaidi haitoki kiooni kwenda bwawani, bali hutoka bwawani kuja kiooni, na mimi mwenyewe niliileta nyumbani.

Miaka michache iliyopita nilianza kufuga uduvi. Uduvi hupenda mimea ya majini, na dukani mimea hiyo ni ghali. Tulipokwenda mashambani wakati wa Krismasi, nilimtuma mwanangu wa miaka 12 aingie silanga anitolee majani. Alikaa ndani ya maji karibu nusu saa, akifurahi kumsaidia baba yake. Usiku ule alijikuna miguu. Nikadhani ni mbu. Baada ya wiki tano alipatwa na homa, kikohozi na maumivu ya tumbo. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Ndipo nilipotazama tangi langu la kioo na kuona, kati ya majani yale mazuri, konokono wadogo bapa kama visahani. Choo chake kilipopimwa, mayai ya kichocho yalionekana.

Fikiria, msomaji. Baba ni daktari, na anafanya kazi katika eneo ambalo kichocho cha matumbo kinajulikana tangu zamani. Utafiti mwingi juu ya ugonjwa huu nchini ulifanywa Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka wa 1992. Hata hivyo nilisahau, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwa uduvi.

Kichocho huambukiza hivi. Mtu mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai ya minyoo huangukia majini na kuangua. Vijidudu vinavyotoka humwingia konokono, huongezeka ndani yake, kisha humwagika majini vikiwa na mikia. Hupenya ngozi ya mtu kwa muda wa dakika chache. Si lazima unywe maji hayo, kuyakanyaga kwatosha. Minyoo hukomaa ndani ya mishipa ya damu na inaweza kuishi humo miaka mingi, ikitaga mayai yanayoharibu ini na matumbo, au kibofu ikiwa ni kichocho cha mkojo. Mtoto hudhoofika, hupungukiwa na damu, na masomo yake hurudi nyuma. Wapo wanaofika kwangu wakiwa watu wazima, tumbo limefura, wakitapika damu. Hapo huwa tumechelewa sana.

Kwa hivyo, wewe unayefuga uduvi Kitui, Wote, Mwingi au Kibwezi, sikukatazi. Ni burudani nzuri, na humfunza mtoto utunzaji. Ila zingatia haya.

Mimea ipate kutoka kwa mfugaji mwenzako au dukani, kamwe si kutoka silanga wala mtoni. Ukimwona konokono bapa usiyemfahamu ndani ya tangi, mtoe kwa kijiko na umponde, usimshike kwa mkono mtupu.

Tumia maji ya mvua au ya mfereji, na uyaache yatulie katika chombo kilichofunikwa kwa siku mbili. Klorini, ambayo huwadhuru uduvi, itapungua. Vijidudu vyenye mikia navyo huishi si zaidi ya siku mbili hivi nje ya konokono.

Maji machafu ya tangi mwaga kwenye mchanga mkavu wa bustani, mbali na kijito. Uduvi waliozidi mpe jirani mwenye tangi.

Usitie mkono ndani ya tangi ukiwa na kidonda, kwani kuna bakteria wa matangi ya samaki wanaoweza kuleta vinundu vya ngozi visivyopona upesi. Nawa kwa sabuni kila umalizapo.

Na ikiwa wewe au mtoto wako mmewahi kuingia silanga, nendeni mkapimwe choo na mkojo. Dawa ipo. Praziquantel hutolewa kwa uzito wa mwili, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na mara nyingi kwa siku moja tu. Lakini haiwaui vizuri minyoo wachanga, ndiyo maana mwanangu alirudia dawa baada ya wiki kadhaa. Wala haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini kesho.

Kinachokinga ni vyoo vinavyotumiwa na maji yasiyomlazimu mtu kuyakanyaga. Hapa Kitui na Makueni tuna mfano mzuri, yaani mabwawa ya mchanga yaliyojengwa katika mito yetu ya msimu. Maji hukaa chini ya mchanga, ambako konokono hana pa kutambaa na mtoto hana pa kuogelea. Kikundi kinachotaka kupigana na kichocho kijijini kingefanya vyema kuchanga fedha za saruji kuliko kuchanga uduvi.

Yule mzazi aliniuliza, basi wale waliozidi awafanyie nini? Nilimwambia aniletee kumi. Tangi langu bado lipo, mimea yake sasa nainunua, na mwanangu ndiye anayelisafisha.