Elimu ya bure ya kompyuta ina gharama yake

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sidhani kuna kizazi kilichowahi kuwekewa njiani vitu vingi vya kuokota kama hiki tunachokifundisha leo. Kijana mwenye kompyuta ya kuazima na mtandao wa kubahatisha anaweza kusikiliza mihadhara ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, akasoma maandishi ya masomo ambayo chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitayatoa kwa walimwengu wote, kisha akafanya mazoezi ya mradi wa freeCodeCamp, ulioanzishwa mwaka 2014, asitozwe hata senti moja ya karo.

Zana nazo ni hivyo hivyo. Anayetaka kutunga mchezo wa kompyuta au wa simu anaweza kuipakua injini ya Godot, ambayo waasisi wake wawili wa Argentina, Juan Linietsky na Ariel Manzur, waliitoa kwa umma mwaka 2014. Anayetaka kuchora na kuhuisha picha anayo Blender. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki Blender ilipofungwa mwaka 2002, watumiaji wake walichanga yuro 100,000 ili msimbo wake ununuliwe na uachiliwe huru. Mwaka 2025 filamu ya katuni iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa zana hiyo hiyo, ilishinda tuzo ya Oscar. Mafundi wake hawakutumia kitu ambacho mwanafunzi wa Kakamega au Voi hawezi kukipata.

Hapa, hata hivyo, sharti tutofautishe maneno mawili ambayo Kiswahili kimetujalia, nayo ni bure na huria. Kitu cha bure hakilipiwi leo, lakini mwenyewe angali yupo, na kesho huenda akabadilisha nia. Kitu huria kimekwisha kutoka mikononi mwa mwenyewe. Mtu yeyote ana idhini ya kukitumia, kukichunguza na kukirekebisha. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mnamo Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo injini yake ilikuwa ikitumiwa bila malipo na maelfu ya watunzi wadogo, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 ingetoza ada kila mchezo unapowekwa katika kifaa, pindi mchezo huo ukishavuka viwango fulani vya mapato na vya idadi. Watunzi walipiga kelele, kampuni ikalegeza masharti mwezi huo huo, na hatimaye Septemba 2024 ikaifuta ada hiyo kabisa. Mambo yaliisha salama, lakini waliokuwa wamejenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu walipata fundisho. Mwalimu anayewachagulia wanafunzi wake zana na aulize kwanza: hii ni ya bure tu, au ni huria?

Maadamu mlango u wazi kiasi hiki, mbona wanaoingia na kufika ndani ni wachache? Jibu la haraka ni umaskini, nalo lina ukweli. Vifurushi vya data hununuliwa, umeme hulipiwa, na kompyuta haiokotwi. Hata mchezo ukishakamilika, kuuweka katika duka la Google Play humgharimu mtunzi ada ya dola 25 mara moja, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Lakini ipo gharama nyingine ambayo haitajwi katika hesabu hizi, na mimi ninayefundisha isimu sina budi kuitaja. Gharama hiyo ni lugha.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Lamu, alinijia ofisini baada ya kipindi. Alikuwa na nia ya kutengeneza mchezo wa bao wa kuchezwa kwenye simu, ili babu yake aweze kucheza hata siku ambazo mwenzake wa barazani hakutokea. Kwa miezi mitatu alikuwa akifuata masomo ya bure, yote kwa Kiingereza, naye alikuwa ameamua kuacha. Aliniambia, "Mwalimu, akili yangu haifiki huko." Nilimwuliza alikwama wapi. Akanionyesha somo linalohusu maagizo yanayojirudia mpaka sharti fulani litimie. Alikuwa amelitazama mara nne.

Nilimwomba anieleze namna bao linavyochezwa. Alinieleza bila kusita: mashimo ni 32, kete ni 64; mchezaji huchota kete za shimo, akazisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata; kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huchota tena akaendelea; ikiangukia shimo tupu, hulala, na zamu humwendea mwenziwe. Aliendelea na kanuni za kula na za nyumba, ambazo sitazieleza hapa. Nilimkatiza nikamwambia kwamba alikwisha kunifundisha lile lile somo lililomshinda. Kuchota na kusambaza ndiko kujirudia kwenyewe, na kulala ndilo sharti la kukoma. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Dhana ile alikuwa nayo tangu utotoni. Alichokikosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba ni ile ile.

Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu kijana huyu alikaribia kujihukumu kuwa mjinga kwa kosa la lugha. Ni wangapi waliokwisha kujihukumu hivyo wasimwambie mtu?

Wapo watakaonijibu kwamba kompyuta ni mambo ya Kiingereza na kwamba kuyafasiri ni kuwapotezea vijana wakati. Hoja hii haina mashiko. Maneno maalumu ya lugha ya Python, kwa mfano, hayazidi 40. Mtoto anaweza kuyakariri kwa juma moja, kama vile mwanafunzi wa muziki anavyokariri maneno ya Kiitaliano yaliyo katika nota zake. Kinachohitaji lugha anayoimudu mwanafunzi si maneno hayo, bali ni maelezo yanayoyazunguka. Mjapani, Mrusi na Mchina huandika maagizo yale yale, ilhali huelezwa maana yake kwa lugha zao wenyewe, na sijasikia kwamba wamebaki nyuma kwa sababu hiyo.

Lawama nyingine ni yetu sisi wataalamu wa lugha. Tumetumia miaka mingi kubishana iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Si ubishi usio na faida, lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa kazini, haikomai kwa kuorodheshwa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha njia mwaka 2004 kwa mradi wa Kilinux, walipoifasiri OpenOffice kwa Kiswahili, nayo ikaitwa Jambo OpenOffice. Scratch, zana ya kuwafundisha watoto kutunga michezo, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, nayo inapatikana kwa Kiswahili. Hata hivyo, sijui walimu wangapi wa shule zetu wamewahi kubadilisha lugha katika Scratch ili wajionee wenyewe.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu katika shule za msingi na za upili. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, lakini idhini haimweleweshi mtoto. Nina mapendekezo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili na isimu katika vyuo vyetu ziwape wanafunzi wa tafsiri kazi halisi. Badala ya kufasiri aya ambazo zitasomwa na msahihishaji peke yake, wafasiri maelekezo ya zana huria kama Godot, ambayo hupokea tafsiri kutoka kwa yeyote aliye tayari kujitolea. Kazi hiyo isahihishwe na itunukiwe alama kama nyingine. Pili, shule zenye mtandao mdogo ziyapakue masomo mara moja, palipo na ruhusa ya kufanya hivyo, kisha ziyagawe kutoka kompyuta hadi kompyuta, mwalimu akisimama mbele ya darasa kuyaeleza kwa lugha inayoeleweka. Tatu, vyama vya Kiswahili na vya kompyuta shuleni viache kukutana katika vyumba mbalimbali. Mchezo mzuri humhitaji fundi wa programu, lakini humhitaji pia msimulizi, mchoraji na mwanamuziki.

Kwenu wanafunzi, nina neno moja. Wingi wa masomo ya bure umezaa ugonjwa wa kuanza mengi bila kumaliza hata moja. Chagueni somo moja na zana moja, mtunge kitu kidogo mkimalize. Mkenya Wesley Kirinya alitunga mchezo wa Adventures of Nyangi wakati ambapo zana hizi hazikuwa tele kama sasa, na mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts. Kama wao waliweza wakati ule, seuze nyinyi wa leo?

Yule kijana wa Lamu hajamaliza mchezo wake. Kanuni za nyumba bado zinamtatiza, na babu amekwisha kumwambia kwamba kete zinakwenda mbio kupita kiasi. Lakini ubao upo kwenye kioo cha simu, kete zinasambaa na kulala zinapopaswa kulala, na maandishi yote ni ya Kiswahili. Ameokota alichokiendea. Waliomwekea kitu hicho njiani walifanya sehemu yao. Kuwaonyesha wenzake mahali kilipo, kwa lugha wanayoisikia, ni kazi yetu sisi walimu.